Mume wa Kasiva

Kama kulikuwa na mtu mmoja upande wote ule wa Mutomo aliyejua jinsi Kasiva alivyopumua, mtu huyo ni Kalondu. Wengine walijua Kasiva anaimba. Walijua anacheka kwa sauti, na kwamba akiingia shambani ndengu zinavunwa kabla jua halijawa kali. Kalondu alijua pumzi yake. Walilala nyumba moja, na ukuta wa katikati haukufika juu kwenye mabati, kwa hiyo kila kitu kilivuka: kikohozi, maombi, ndoto za mtoto, na ile pumzi.

Na bado siku ile alipoulizwa, alimtaja mtu mwingine. Jamani! Hebu tuanze mahali panapostahili kuanza.

Kalondu alikuwa mjane. Mume wake Muli alimwachia shamba, mbuzi wa kutosha na boma lisilo na mtoto hata mmoja. Kwa Wakamba mwanamke wa namna hiyo hajaishiwa. Anachagua mbuzi wazuri, anawapeleka kwenye boma lenye binti, anaoa. Ndiyo, yeye mwenyewe, mwanamke, anaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake na wa jina la marehemu. Wamepatikana kwa mwanamume gani, hilo si la kuuliza. Mke wa aina hiyo huitwa iweto. Kalondu alikwenda hadi upande wa Tulia, akakaa na wazee, akanywa chai yao, akarudi na Kasiva. Baadaye mvua kubwa ikanyesha, na katika mvua hiyo akazaliwa Mbula. Kasiva alimwita Kalondu "mwaitu", yaani mama. Mbula alimwita "Susu", yaani nyanya. Lakini kuhusu nani mume wa nyumba ile, wote watatu hawakuwa na shaka.

Tatizo lilikuwa kanisa. Kalondu alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mtu wa mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani na Biblia imefungwa kwa zipu. Pasta mpya alipokuja, alisimama Jumapili ya pili tu akahubiri juu ya mila za giza, na wote wakageuza shingo kumtazama yeye. Alizuiwa meza ya Bwana mwaka mzima. Kila walipopitisha mkate, ulimruka. Mwishowe akakubali kusema kwamba Kasiva ni mke wa mwanawe. Mwana yupi? Hakuna aliyeuliza. Mkate ukarudi, kiti chake kikarudi, na watu wakaendelea kujua walichokijua. Lakini aibu ile ya kurukwa ilimkaa mwilini, na tangu siku hiyo alikuwa mwangalifu sana na maneno yake mbele ya watu wa kanisa.

Ugonjwa wa Kasiva ulianzia kwenye wimbo. Alikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, ile inayopanda peke yake wengine wakiwa wamenyamaza. Mwaka huo akaanza kuachia mistari njiani. Anapanda, anafika katikati, pumzi inakatika, mwenzake anadakia. Alicheka akasema anazeeka. Kuzeeka gani, na yeye hajatimiza hata miaka thelathini?

Madaktari wa moyo kutoka Nairobi walipokuja Mutomo na mashine yao ya picha, Kalondu alimpeleka. Mahema yalikuwa yamepangwa, benchi zimejaa, na akina mama wa makanisa wanasaidia kupanga watu na kutafsiri Kikamba. Mmoja wa waliojitolea alikuwa Mama Pasta, na Kalondu alipomwona alinyoosha kitambaa chake.

Nesi wa utafiti aliitwa Kagure, msichana wa kutoka Nyeri, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kurudia jambo bila kukasirika. Aliwaonyesha picha ya moyo wa Kasiva ikicheza kwenye kioo.

"Mama, unaona hapa? Moyo una milango. Huu mlango mmoja umekakamaa, haufunguki vizuri. Ulipokuwa mtoto, uliwahi kuumwa koo halafu magoti yakavimba?"

"Sana," alisema Kasiva. "Nilibebwa mgongoni mpaka shule."

"Basi ilianzia hapo. Koo lilipona, lakini moyo ulibaki na kovu. Sasa damu inakwama mlangoni na kurudi nyuma kwenye mapafu, ndiyo maana pumzi inakatika."

Akawaeleza dawa yake. Kuna mpira mwembamba, mrefu, unaoitwa katheta. Unaingizwa kwenye mshipa wa paja na kusukumwa polepole hadi ndani ya moyo. Kwenye ncha yake kuna baluni iliyokunjwa. Ikifika mlangoni inajazwa, mlango unaachia, baluni inafungwa tena na kutolewa ilikopitia. Kifua hakipasuliwi, na mtu hutembea kesho yake. Kasiva alisikiliza huku mdomo umebaki wazi.

"Na nitaimba?"

"Wengi pumzi yao inarudi."

Lakini mlango wa Kasiva ulikuwa umebana kiasi, si sana, na hapo ndipo utafiti ulipoingia. Kwa watu wa aina yake hata madaktari hawakujua lililo bora: kufungua mapema, au kungoja kwa dawa na kufungua dalili zikizidi. Wangejua wasingehangaika kufanya utafiti. Wengine wangefunguliwa sasa na wengine wangengoja wakiangaliwa kwa karibu, na aliyechagua ni kompyuta, si daktari wala nesi. Atakayengoja, akianza tu kuzidiwa, anaitwa mara moja. Anaweza pia kujitoa wakati wowote na asinyimwe matibabu. Kasiva akasema amekubali. Kompyuta ikamweka upande wa kungoja.

Kagure aliitwa hema la pili kidogo. Alimwachia Mama Pasta zile karatasi amalizie majina na namba za simu. Na Mama Pasta, kwa sauti ile ile ya matangazo ya kanisani, akauliza:

"Bwana ya Kasiva ni nani? Wanataka namba yake. Watakuwa wanampigia kila mwezi kuuliza hali."

Kasiva akamgeukia Kalondu. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, kwani jibu si lilikuwa limekaa pale kando yake? Kalondu aliona macho ya Mama Pasta yamemtulia usoni. Huenda hayakuwa na lolote. Huenda mama wa watu alikuwa amechoka tu na jua. Lakini Kalondu aliona mkate unamruka tena, mbele ya benchi zote zile, mbele ya wageni wa Nairobi. Moyo ukamwenda mbio, yeye mwenye moyo mzima.

"Ni Kivuva," akasema. "Anafanya kazi Salama."

Akatoa namba. Kasiva akainamisha uso akaanza kufunga kifungo cha blauzi ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

Kivuva alikuwa mtoto wa ndugu yake Muli. Aliziba pancha pale Salama, kando ya barabara ya Mombasa, mahali malori yanaposimama. Alikuwa kijana mzuri, ana mzaha, ana mke wake na maisha yake. Kalondu alimpigia jioni hiyo hiyo kumweleza, na Kivuva akaangua kicheko.

"Anti! Wanaingiza mpira, wanajaza upepo, kitu kinafunguka? Hiyo si kazi yangu kabisa? Waambie wanipe kazi!"

Kalondu naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu akasema, "Sikiliza. Wakipiga, sema yuko sawa. Usiongee mengi. Ukiongea mengi watajua wewe si bwana, watasema tumewadanganya, wamtoe kwa utafiti. Umesikia?"

"Nimesikia, Anti. Mimi ni bwana wa maneno machache."

Na alitimiza ahadi, maskini. Kila mwezi Kagure alipiga, malori yakinguruma nyuma, na Kivuva akajibu. Analala vizuri? Analala. Anapanda mlima bila kusimama? Anapanda. Miguu imevimba? Hapana, sista. Mwenyewe Kasiva walimpigia pia, na Kasiva alikuwa mtu wa "niko sawa" tangu azaliwe. Angeweza kuwa anaungua na kusema kuna joto kidogo.

Na nyumbani, je?

Nyumbani Kalondu alisikia kila kitu. Kwanza Kasiva aliweka mito miwili. Kisha mito ikawa haitoshi, akaburuta gunia la mahindi hadi kitandani akawa analala ameliegemea, nusu amekaa. Njia ya kisimani ilikuwa na mti mmoja wa mukau ambao watu hupita bila kuuona. Kasiva akaanza kusimama hapo, akijifanya anarekebisha leso. Halafu akawa anasimama kabla ya kuufikia. Vidole vyake vya miguu vilijaa, ndara zikamkataa. Siku moja, kukiwa hakujapambazuka vizuri, Kalondu alimsikia akikohoa kwa kuziba mdomo, kisha sauti ya maji kwenye beseni. Alikuwa anafua kitambaa. Kalondu alilala pale pale macho yamemtoka, akamwacha afue, kwa sababu alijua ni nini kinachofuliwa.

Kwa nini hakufanya kitu? Ndilo swali ambalo kila mtu angeuliza, na ni rahisi sana kuuliza ukiwa umekaa. Alifanya. Alimzuia kubeba maji. Alimchinjia kuku. Aliomba. Alijiambia wale watu wanapiga simu kila mwezi, wao ndio wanaojua, wakiona ni lazima watamwita. Kasiva naye alijiambia hivyo hivyo. Namba ya Kagure ilikuwa kwenye kadi, ukutani, na mara mbili Kalondu aliishika simu. Atasema yeye ni nani? Akisema ni mama mkwe, watauliza mbona bwana hasemi hayo. Akisema ukweli, watauliza Kivuva ni nani, na uongo wote utamwagika, na Kasiva afukuzwe kwa kosa lisilo lake. Akairudisha simu mfukoni.

"Mwaitu," Kasiva alimwambia jioni moja, wamekaa nje, wanachambua ndengu kwa ungo. "Wakinifungua huu mlango, Jumapili ya kwanza nitaimba ule wimbo mpaka mwisho wa mstari. Hakuna mtu kunidakia."

"Utaimba."

"Na wewe ukae mbele. Nataka nikuone."

"Nitakaa wapi kwingine?" alisema Kalondu. Alitaka sana kumwambia pole. Badala yake akamwambia ungo umeinama.

Mwezi uliofuata alijikaza. Akampigia Kivuva. "Wakipiga mara hii, waambie halali vizuri. Waambie analala amekaa. Usisahau."

"Nitawaambia, Anti, haki."

Kagure alipopiga, Kivuva alikuwa chini ya trela la saruji, mgongo kwenye lami ya moto, jeki inateleza na dereva anamfokea. Alishikilia simu kwa bega. "Yuko sawa, sista. Niko kazini." Jioni alipokumbuka, alijiambia atasema mwezi ujao. Hakuwa mbaya. Kwake Kasiva alikuwa mke wa mtu mwingine, na maswali yale yalikuwa kitu cha kujibu upesi mtu arudi kazini.

Ndengu zikakauka zote kwa pamoja, kama kawaida yake, na kijiji kizima kikahamia mashambani. Kalondu alimkataza Kasiva kutoka. Kasiva alikuja hata hivyo, polepole, akakaa kivulini akisema atapura tu, kupura ni kazi ya kukaa. Alipiga fimbo mara chache. Kisha fimbo ikaanguka. Kalondu aliinua macho akamwona ameshika kifua kwa mikono yote miwili, midomo imekuwa ya buluu, na povu la rangi ya waridi linamtoka.

Hospitali ya misheni walifanya yote ambayo watu wanaweza kufanya. Walimpa hewa ya mtungi, sindano ya kutoa maji kwenye mapafu, wakampigia simu daktari wa utafiti Nairobi bila kupoteza dakika. Jibu likaja: mleteni, chumba kiko tayari, tutamfungua leo. Kasiva akatulia kidogo. Rangi ikarudi midomoni. Walipokuwa wanampakia kwenye ambulansi, Kagure akaomba kuongea na mtu wa nyumbani, na simu ikawekwa mkononi mwa Kalondu.

"Mama, usiogope, tunawangoja. Bwana yake yuko hapo?"

Mama Pasta alikuwa amekuja mbio, amesimama pale mlangoni, vumbi la shambani miguuni.

"Yuko Salama," alisema Kalondu.

"Basi ni njiani kwenu. Mmchukue, madaktari watataka kuongea na yeye."

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu akaufunga.

Barabara ya lami kutoka Mutomo hadi Kibwezi ilikuwa tupu na ambulansi ilikwenda mbio. Kisha wakaingia barabara ya Mombasa, malori mbele, malori nyuma, king'ora kinalia na nani anasikia. Kasiva alikaa ameegemea kifua cha Kalondu, barakoa ya hewa usoni. Kalondu alimshika na kuhesabu pumzi zake kama alivyozoea, safari hii bila ukuta katikati.

Walipofika Salama, Kivuva hakuwepo kando ya barabara. Alikuwa ameambiwa angoje, naye alingoja, kisha lori likaja na tairi mbili zimepasuka. Dereva wa ambulansi akapiga honi. Mtu akatumwa kumwita. Kivuva akatokea kule nyuma mbio, mafuta hadi viwikoni, akasema anatafuta shati, dakika moja tu, hawezi kwenda kwa madaktari hivyo. Akapotea tena.

Kasiva alisogeza barakoa kwa kidole.

"Mbona tumesimama?"

"Tunamngoja Kivuva."

Kasiva alimtazama. Hakukuwa na hasira. Afadhali ingekuwepo.

"Kivuva wa nini, mwaitu? Si wewe upo?"

Kalondu alimrudishia barakoa usoni. Kamba ya mpira ikamshinda kuipitisha nyuma ya sikio. Alitaka kumpigia dereva kelele, ondoka, ondoka, mume wa huyu mtu ni mimi, lakini mlango wa nyuma ulikuwa umeshafunguliwa na Kivuva anapanda, shati jeupe, vifungo vimekosana.

Kasiva alifariki kabla hawajafika Konza. Alivuta pumzi moja ndefu, Kalondu akangoja nyingine. Akangoja. Mhudumu wa ambulansi alimlaza chini akaanza kumkandamiza kifua, akafanya hivyo mpaka jasho likamdondoka puani, na Kivuva akawa analia kwa sauti kubwa, kweli kweli, kama mume. Kalondu hakulia. Alibaki amenyoosha shingo, anasikiliza.

Kama kule kusimama Salama kulileta tofauti yoyote, hakuna aliyeweza kumwambia. Mhudumu alisema hapana, mama, hata tusingesimama. Watu husema hivyo.

Walimzika nyumbani, kando ya Muli. Kwaya iliimba. Pasta alihubiri vizuri, hilo lazima lisemwe, na alimtaja marehemu kama binti wa kanisa. Wiki zilipita. Ndengu zilipurwa na wengine. Ndipo Kagure alipotuma salamu kwamba anakuja: mtu akifa akiwa ndani ya utafiti, ni lazima mmoja wao aje akae na wa nyumbani, aulize siku za mwisho zilikuwaje, ili wajue ni wapi wale wengine wanaongoja wanaweza kuokolewa.

Kivuva aliitwa. Alifika na koti la kuazima, akaketi kwenye kiti cha heshima. Mama Pasta alikuja na chupa ya chai, kwa sababu ni mtu wa kuja, hilo nalo lazima lisemwe. Kalondu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, Mbula amemlalia miguuni.

"Pole sana, bwana Kivuva," alianza Kagure. Macho yake yalikuwa mekundu kabla hata ya kufungua mkoba. "Nitauliza polepole. Ukichoka tunaacha. Wiki za mwisho, Kasiva alikuwa analala na mito mingapi?"

Kivuva alitazama mikono yake.

"Mmoja," akasema. Halafu, "Sijui."

"Hakulala na mito," alisema Kalondu kutoka mlangoni. "Alilala na gunia la mahindi. Juu yake aliweka blanketi langu."

Kagure aligeuka. "Tangu lini, mama?"

"Tangu mvua ya vuli ikatike."

"Aliwahi kukohoa damu?"

Kivuva alitikisa kichwa kwamba hapana.

"Alikohoa," alisema Kalondu. "Alifua kitambaa kabla mtoto hajaamka. Alidhani nimelala. Miguu ilianza kuvimba wa kushoto, halafu wote. Kisimani alikuwa anasimama kwa ule mti wa mukau, halafu akawa haufikii. Alikuwa anaamka kukaa. Nikisikia ameamka na mimi naamka, nakaa kitandani kwangu, mpaka alale ndipo na mimi nilale."

Kalamu ya Kagure ilikuwa imesimama.

"Mama, wewe ni nani wake?"

Mama Pasta alikuwa anamimina chai na kikombe kikajaa kikamwagika kwenye sinia. Kalondu alimwona, akaona pia ule mkate na kiti cha mbele, na akashangaa jinsi vilivyokuwa vidogo.

"Mume wake ni mimi," alisema. "Mbuzi nilipeleka mimi, Tulia. Nikamleta hapa. Kwa Wakamba iko hivyo. Huyu Kivuva ni mtoto wa shemeji yangu, nilimtia kwa jambo hajui. Mimi ndiye nilimwambia aseme yuko sawa."

"Anti," alisema Kivuva, akiinuka kwenye kiti cha heshima.

Kagure alifunika uso kwa kiganja, akakitoa. "Lakini mama, sisi hatukutaka bwana. Watu wa moyo huzoea, hata hawajui wamezidiwa. Tulitaka yule anayelala karibu naye. Nilisema hivyo kwa wote waliojitolea siku ile."

"Mimi nilidhani ni kitu kimoja," alisema Mama Pasta. Alisema kwa sauti ndogo sana, na machozi yakamtoka. Kitu kimoja! Nyumba ngapi pale kijijini bwana yuko Mombasa, au Nairobi, au kaburini?

Kalondu aliuliza jambo moja tu.

"Kama ungenipigia mimi. Ungemfungua?"

Swali la namna hiyo wengi hulikwepa, wakileta habari za mapenzi ya Mungu. Kagure alikuwa kijana na hakulikwepa.

"Ungeniambia gunia, mama, ningemwita kesho yake."

Ndipo Kalondu akalia. Alilia kwa mdomo wazi, bila kujifunika, kitambaa cheupe kikamshuka shingoni na yeye hakukiinua. Mama Pasta alipiga magoti kando yake na kumshika, naye akashikika, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Mbula akaanza kulia pia bila kuelewa, akakohoa, akashika koo.

Kagure alimwona. "Anaumwa?"

"Tangu juzi," alisema Kalondu akijifuta. "Akimeza, shingo inakaza upande huu. Na usiku jana alikuwa na joto."

"Huyu asingoje. Aende leo hospitali ya misheni apigwe sindano, koo lisiache kovu kama la mama yake. Na nitarudi kumpiga picha ya moyo. Nimpigie nani?"

Kalondu alisimama. Akataja namba yake moja moja, kwa sauti ya mtu anayetangaza kanisani. "Andika Kalondu. Mzazi. Na ukipiga usiniulize kama yuko sawa. Niulize anapumua aje."

Kagure aliiandika, kisha akaipiga pale pale kuhakikisha. Simu ikalia ndani ya mfuko wa rinda. Nesi alikuwa amekaa mbele yake, hatua moja tu, lakini Kalondu aliitoa hata hivyo, akaibonyeza, akaiweka sikioni.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."